Msafiri wa Kulala Bure

Wapo watakaonuna, na wanune. Nimechoka kuwasikia vijana wenzangu wakisema kuwa kuandika habari za safari ni kazi ya Wazungu, eti sisi hatuna desturi hiyo, na anayetaka kuifanya hana budi kwanza atafute hoteli ya kumlaza bure. Maneno yote mawili ni uongo, na huo wa pili ndio unaotumaliza.

Nianze na wa kwanza. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, Mngazija, alisafiri Urusi hadi Siberia akifuatana na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia. Aliyoyaona aliyasimulia kwa Kiswahili, na Carl Velten akayachapisha mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Mwaka 1931 Martin Kayamba wa Tanganyika alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, akarudi akaandika kitabu cha safari yake. Hatuna desturi vipi? Tunayo, ila tumeitupa jalalani tukaokota vijitabu vya matangazo ya watalii.

Sasa huo wa pili. Mimi naandika kwa kujitegemea. Sina mshahara wala bosi. Mhariri mmoja, jina lake tuliache, aliniambia: "Siku mbili hotelini, kula na kunywa bure, wewe andika uzuri tu." Nikamuuliza, hela yangu iko wapi? Akacheka. Nikaikataa hoteli yake, nikalipa nauli na gesti mwenyewe, nikaandika kwamba ufuo ule umezungushiwa ukuta na wavuvi wanazunguka mbali kuzifikia ngalawa zao. Makala ikatoka, ukuta haumo! Kilichobaki ni mchanga mweupe na watu wakarimu, na jina langu chini yake.

Jamani, mla cha mwenzie na chake huliwa. Ukila chakula cha hoteli, hoteli nayo inakula sentensi zako. Na anayelipia karamu hiyo ni msomaji, aliyetoa fedha yake akidhani ananunua ukweli.

Mtaniambia: njaa nayo? Nauli itatoka wapi? Swali la haki hilo. Basi anza na safari unayoilipia tayari: basi la kwenda kwenu sikukuu, daladala ya kila asubuhi, treni ya kwenda msibani. Tazama meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wageni wamesimulia mara ngapi jinsi ilivyoundwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927? Lakini mama wa dagaa, aliyesafiri nayo akilala juu ya magunia yake, nani alimuuliza ushuru alilipa wapi na mara ngapi? Makala ndiyo hiyo, na haihitaji hoteli.

Halafu tujifunze kuuza. Patana malipo kwa maandishi kabla hujaondoka. Uza haki ya kuchapa mara ya kwanza tu, usiuze kila kitu, ili safari moja ikulishe gazetini, kisha redioni, kisha kitabuni. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa nini uitoe mali ya wajukuu zako kwa sahani mbili za pilau? Tunza tiketi na risiti, ujue kila makala imekugharimu kiasi gani. Na kama una kibarua kingine, usikiache mpaka kalamu ianze kulipa kodi ya chumba.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwandishi wa kulala bure huondoka siku ya pili, ndiyo maana hajui jembe lina uzito gani. Wewe kaa mpaka ya tatu, ulime nao, ndipo uandike.

Nanyi wahariri, hata wa majarida madogo kama hili: asiye na fedha aseme mapema, tutaelewana, maana wengine tunaandika kwa mapenzi. Lakini msituambie kuwa jina kutokea gazetini ndiyo malipo. Jina halipandi basi. Kondakta anataka nauli.