Rangi Mpya, Ukuta Uleule: Mama, Usilipie Chumba Kinacholia Maji

SEHEMU YA 1: Lawama za nani?

Wamama wa Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na baba wachache mnaotusomaga kimyakimya. Leo siongei lishe wala chanjo. Naongelea ukuta.

Mtoto anakohoa usiku, mchana anacheza vizuri tu. Anapewa dawa, anapata nafuu, baada ya wiki mbili karudi palepale. Hapo kila mtu ana la kumwambia mama yake. Mama mkwe: humfuniki. Jirani: unamwogesha jioni. Shangazi: unampa vitu vya baridi. Hakuna anayeuliza kitanda cha huyo mtoto kimeegemea ukuta gani. Kadi ya kliniki ina mahali pa uzito na mahali pa chanjo. Mahali pa ukuta hakuna.

Sisemi kila kikohozi kimetoka ukutani. Ila Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na ulisema wazi kwamba wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo wanasumbuliwa zaidi na kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Mtoto mchanga analala saa nyingi kuliko sisi, na pua yake iko karibu na ukuta kuliko ya kwetu.

Kwa hiyo niseme mapema tusizungushane: ukuta unaolia maji siyo uchafu wa mama. Ni kazi ya ujenzi iliyorukwa, na anayetakiwa kuimalizia ni mwenye nyumba.

SEHEMU YA 2: "Ni ziwa hilo, utafanyaje?"

Hili jibu la Mwigobero nalijua. Ukilalamika, unaonyeshwa mwalo: si unaona tuko majini? Eti mchanga wa ziwa una chumvi, ndiyo maana ukuta unatoa unga mweupe.

Kwanza, maji ya ziwa letu ni maji baridi, tunayapikia chai. Ule unga mweupe ni chumvichumvi zilizomo kwenye udongo na kwenye vifaa vya ujenzi vyenyewe. Maji yanazibeba yakipanda, yakikauka yanaziacha juu ya lipu. Shimo la choo au la maji ya bafu likiwa jirani na msingi, linaongeza zake. Hapo sasa.

Pili, angalia utambi wa koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu, nani anayapandisha? Utambi wenyewe unayanyonya. Tofali na saruji vina vitundu vidogo vinavyofanya kazi hiyohiyo. Msingi ukikaa kwenye udongo wenye maji, ukuta unanyonya, mara nyingi mpaka kiunoni, kama mita moja hivi. Hii haichagui pwani ya ziwa. Nyumba ya kilimani Butiama, udongo ukilowa masika na ukuta hauna kizuizi, itanyonya vilevile.

Ziwa linachangia, silikatai. Mwezi Mei 2020 lilipanda mpaka kuvuka kidogo rekodi ya mwaka 1964, na ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi kando yake nayo yanasogea juu. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuweka kizuizi, siyo sababu ya kuacha kukiweka! Mtu anayejenga mita chache kutoka mwaloni alipaswa kuwa wa kwanza kununua nailoni.

Ndiyo, nailoni. Mkanda wa nailoni nzito unaotandikwa juu ya msingi kabla ya kuanza kupandisha ukuta, angalau inchi 6 juu ya usawa wa ardhi ya nje, na nyingine inayotandazwa chini ya jamvi la sakafu, zikutane. Kati ya vitu vyote vinavyoingia kwenye nyumba, hiki ni kati ya vile vya bei ndogo kabisa. Anayekiruka anajua hakitaonekana. Geti la maua linaonekana, nailoni haionekani. Mtoto wako ndiye anayekuja kuiona.

SEHEMU YA 3: Dawa za uongo

RANGI. Mpangaji akihama, chumba kinapakwa rangi ya mafuta chini, kinang'aa. Wewe unalipa kodi ya miezi sita mkononi. Mvua mbili tu, rangi inavimba kama chapati, inabanduka. Rangi haijazuia maji, imeyafunga ndani, na yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi.

LIPU MPYA YA SARUJI. Vilevile. Umeuvisha ukuta uliolowa koti.

KABATI. Kulisogeza lizibe doa ni kuutengenezea ukungu kitalu. Penye giza na hewa isiyotembea ndipo unapostawi.

JIKO LA MKAA NDANI. Jamani, hapa naomba mnisikilize vizuri. Usiwashe jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa, eti ukuta ukauke. Ule moshi usioonekana una sumu, hauna harufu, na unaua familia nzima usingizini. Ukuta hautakauka, na nyie hamtaamka.

SEHEMU YA 4: Kabla hujatoa kodi

Nenda mchana, na kama unaweza nenda msimu wa mvua. Gusa ukuta chini, usawa wa goti. Gonga lipu: ikilia kama debe tupu, imeshaachia. Nusa. Tazama nje: udongo au kifusi kimefunika ukuta kupita usawa wa sakafu ya ndani? Maji ya bati yanamwagikia wapi?

Kisha ujue ni maji ya aina gani, maana mwenye nyumba atakwambia mnapikia ndani na hamfungui madirisha. Wakati mwingine anasema kweli. Doa linaloanzia chini, lina mstari kama wa mawimbi na unga mweupe: maji ya ardhini. Doa la juu darini: bati linavuja. Vidoadoa vyeusi kwenye kona na nyuma ya kabati: mara nyingi ni mvuke wa ndani. Ukibaki na shaka, futa ukuta, bandika kipande cha nailoni kwa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Maji yakikaa juu ya nailoni, ni mvuke wenu, fungueni madirisha. Yakikaa nyuma yake, yanatoka ukutani.

SEHEMU YA 5: Tiba ya kweli

Cha bei nafuu kwanza. Chimbua udongo ulioegemea ukuta mpaka ushuke chini ya usawa wa sakafu. Chimba mfereji wenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali. Weka gata. Hamisha maji ya bafu yasimwagikie msingini. Nyumba nyingi zinapata nafuu kubwa hapo tu.

Isipotosha, fundi anakata ukuta usawa wa chini na kuingiza nailoni, kwa vipande visivyozidi mita moja, akiruka kipande na kurudi baadaye. Akikata mfululizo ukuta unaweza kushuka, usimruhusu. Ndipo lipu iliyoharibika inabanduliwa mpaka juu ya doa, na ukuta unaachwa ukauke. Hukadiriwa kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo tofali la inchi 6 ni karibu nusu mwaka. Anayekuahidi wiki moja anauza rangi.

Wewe mpangaji, wakati unadai: vuta kitanda kiganja kizima kutoka ukutani, fungua madirisha asubuhi, futa ukungu kwa maji ya sabuni ukiwa umefunga kitambaa puani, mtoto akiwa nje.

Na mtoto akipumua haraka (mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 mpaka 11, mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 mpaka 5), au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usisubiri posti yangu. Kimbia kituoni. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda mkapime na kifua kikuu.

SEHEMU YA 6: Dai, mama

Uingereza, mji wa Rochdale, mwaka 2020 alifariki mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak. Mwaka 2022 uchunguzi ulithibitisha kwamba ukungu wa nyumba waliyopanga ndio ulimuua. Ule ulikuwa wa mvuke na hewa kukosa pa kupita, siyo maji ya ardhini, lakini sikiliza: baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Rangi! Baadaye nchi ile ikatunga sheria yenye jina la mtoto huyo.

Sisi tusingoje jina la mtoto. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 tayari inamtaka anayepangisha nyumba au chumba ahakikishe panafaa binadamu kuishi, siku ya kuingia na siku zote za upangaji. Chukua picha zenye tarehe. Andika barua, baki na nakala. Asiposikia, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa afya wa kata, kukagua makazi ni sehemu ya kazi yake.

Najua wenye nyumba wengi ni wazee wetu, bibi aliyeachiwa vyumba vitatu na hana kingine. Kaeni chini naye, mkubaliane mfereji mwezi huu, gata mwezi ujao, mkate kwenye kodi. Ila mkubaliane kwa maandishi, na iwe kazi ya kuondoa maji. Hela ya rangi mwambie aiweke kwanza, ukuta ukikauka mtapaka wote.

Sehemu ya 7 nitajibu maswali. Leteni picha za kuta zenu, na mtumie hii anayetafuta chumba kabla hajalipa.