Usiniulize Kama Italeta Unga

Mtu mzima wa Umoja au Kayole, hapa Eastlands ya Nairobi, akisema anataka kujifunza kitu kipya, majirani hawajali ni kitu gani. Swali lao ni moja: "Hiyo italeta unga?" Linaulizwa kwa wema, tena na watu wanaokupenda, ndiyo sababu wengi hulinyamazia. Mtaa mzima umelifanya kuwa hekima: mtoto acheze na kila kitu, lakini baba au mama mwenye kodi ya nyumba ya kulipa kila tarehe tano ajifunze chenye soko tu. Kingine chochote ni mchezo wa matajiri wa Karen na Lavington. Mimi nasema hekima hiyo ni bandia, na imekula pesa zile zile inazodai kutulindia.

Tulitazame hilo soko. Nani amesahau kware? Kuelekea mwisho wa 2013, ndege hao walikuwa gumzo la kila ploti. Mayai yao yalisemekana kutibu kisukari, shinikizo la damu, pumu na karibu kila kitu isipokuwa wivu. Watu wazima wenye akili timamu waligeuza roshani za ghorofa kuwa vizimba, wakapanga foleni kutafuta leseni ya Shirika la Wanyamapori (KWS), wakahudhuria semina za ufugaji na kuandika daftari zikajaa. Mwaka wa 2014 bei ikaporomoka. Kila aliyetarajiwa kununua mayai alikuwa na kizimba chake. Waliotajirika ni wale waliowahi mapema na wale waliouza vifaranga.

Kware hawakuwa wa kwanza. Kulikuwa na enzi ya vyuo vya kupiga chapa, kisha "pakeji" za kompyuta ambazo kila aliyemaliza kidato cha nne alisukumwa kusoma, mpaka cheti chake kikawa hakina uzito zaidi ya karatasi ya kufungia mandazi. Kukaja vibanda vya simu ya jamii. Simu za mkononi zikawa rahisi, vibanda vikafungwa. Juzi juzi vijana wetu, na wazazi wao pia, walikuwa wakikesha kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Tuseme ukweli, kazi hiyo ilikuwa kumsaidia mtu kudanganya mwalimu wake, lakini ililipa kodi ya nyumba nyingi huku Eastlands. Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, na mteja wa ng'ambo akagundua kuna mashine isiyolala wala kudai malipo ya awali. Leo wimbo ni forex na "kozi za mtandaoni". Kesho utakuwa mwingine.

Habari ya soko hufika plotini ikiwa imechelewa, na anayekuletea mara nyingi ndiye muuza vifaranga. Anayechagua ujuzi kwa kuuliza wengine wanapata nini hujikuta mwisho wa foleni, tena amelipa karo. Kama swali la unga lingekuwa na faida, basi mtaa unaoliuliza kila siku ungekuwa umeshiba.

Sasa nikupe mfano wa mtu aliyekataa kuulizwa. Namjua mwalimu wa shule ya msingi, mwanamume aliyepita miaka arobaini, mkazi wa Umoja, aliyeamua kujifunza kuandika mabango kwa brashi. Nazungumzia herufi zenyewe, zile zinazosema BUTCHERY & HOTEL au KINYOZI SAFI, rangi nyekundu juu ya ukuta mweupe. Mashine za kuchapisha mabango ya plastiki zimeiua kazi hii karibu kabisa. Mtaa ulicheka na kumtajia mwajiri wake, Tume ya Huduma za Walimu. "Mwalimu, kwani TSC haijalipa?" Mkewe naye alidhani ni ugonjwa wa muda.

Anayemfundisha ni fundi mzee ambaye herufi zake bado ziko kwenye maduka kadhaa ya Eastlands, zimepauka lakini zimesimama wima. Kazi inaanza na uzi uliopakwa chaki. Unavutwa pande mbili, unapigwa ukutani mara moja kwa kidole, mstari unabaki. Katikati ya mistari miwili ya namna hiyo H na E zinakaa bila matata. Shida ni O. Ukiibana ndani ya mistari sawasawa na wenzake itaonekana ndogo, kwa hiyo tumbo lake lazima livuke kidogo juu na kidogo chini ili jicho lidanganyike na kuona zote ni sawa. A na V zikifuatana husogezwa karibu, la sivyo neno linaota pengo. Rangi ikiwa nzito brashi inakwama, ikiwa nyepesi inachuruzika. Mkono wa kuandika unakaa juu ya ngumi ya mkono wa pili, na pumzi unaishika mpaka mpigo wa brashi umalizike. Kwa muda mrefu Mwalimu hakuandika hata neno moja. Alipiga mistari ya wima kwenye kipande cha bati, akaifuta kwa mafuta ya taa, akapiga tena, huku mzee akinywa chai na kumwambia, "Huo umelewa. Rudia."

Amepata nini? Unga, hapana. Amewahi kuandika bango moja la kibanda cha viazi karai na akalipwa kwa viazi karai. Lakini tembea naye Mumias South Road uone. Barabara ambayo mimi naiona ni vumbi na matatu, yeye anaisoma: huyu aliandikiwa na mkono ule ule wa saluni ya kule, yule alikosea nafasi akabana herufi za mwisho, hii S imepigwa na mtu aliyekuwa na haraka. Jambo lililonishika zaidi ni hili. Kwa miaka mingi Mwalimu amekuwa ndiye anayejua na wengine ndio wanaokosea. Sasa kila Jumamosi anakosolewa hadharani na mtu ambaye hakumaliza darasa la saba. Anasema tangu hapo mtoto akishindwa na kugawanya kwa tarakimu mbili, yeye haharakishi tena kupandisha sauti. Sijui ni semina gani ya walimu ingemfundisha hilo.

Hapa ndipo imani ya soko inapoficha kiburi chake. Mtaani kwetu ufundi bado tunauhesabu kuwa kazi ya aliyefeli. Mtu mwenye diploma akionekana ameshika patasi, watu hudhani ameachishwa kazi. Kwa hiyo tunakubali ujifunze ufundi ikiwa njaa imekulazimisha, na tunakucheka ukiupenda tu.

Twende Kamukunji, kwa sababu najua kuna atakayeniambia kwamba mafundi wa bati wa kule wanaelewa soko kuliko sisi waandishi. Wanaelewa. Lakini kumbuka lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, ambalo leo liko kila mahali kiasi kwamba hatulioni. Lilianza kusambazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo la udongo ndani ya bati likiwa limetoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo walikuwa watu wazima wenye kazi yao. Walijua kufua jiko la zamani, bati tupu, umbo walilolizoea mpaka mkono unajua njia. Sasa wakaambiwa walipinde bati liwe pana juu, jembamba katikati, pana tena chini, na ndani wapokee chombo cha mfinyanzi ambacho huweza kupasuka. Mjini hapakuwa bado na foleni ya wateja wa jiko la namna hiyo. Mtu alilazimika kukubali kuwa mwanafunzi upya mbele ya kipande cha reli alichokuwa akikitumia kama fuawe siku zote. Soko lilikuja baadaye, likafuata mikono iliyokwisha kujifunza.

Sitaki hata hivyo mtu aondoke akidhani ninauza ndoto ya kwamba kila cha ajabu siku moja hugeuka kuwa mali. Hao ni wahubiri wa mafanikio, nao wana jukwaa lao. Ujuzi mwingi wa ajabu hautakulipa kamwe. Hoja yangu ni kwamba mtu mzima ana haki ya kujua kitu kisichomlipa.

Mchukue Eriko Mukoyama, Mjapani ambaye Wakenya wanamwita Anyango. Alikuja nchini, akaenda hadi Nyanza kujifunza nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, ambayo kijadi ilikuwa ya wanaume. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda kifupi, vidole vinacheza nyuzini, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ukingo wa ala kushika mapigo, huku mdomo ukiimba. Mikono miwili, mguu na koo, kila kimoja na kazi yake. Angeuliza soko la nyatiti Tokyo angebaki kwao. Na sisi tunaopanga Kaloleni, tunaoishi mlango kwa mlango na watu wanaoijua ala hiyo, tunawakumbuka kukiwa na matanga au kampeni.

Au vuka uende Huruma na Mathare, ambako klabu ya Tsavora, iliyoanzishwa na Mburu Wanyoike, inafundisha vijana mchezo wa vitara, ule wa kuvaa kofia ya wavu na kuchomana kwa upanga mwembamba. Vitara, Mathare! Lingekuja swali la unga mapema, mchezo huo usingedumu hata siku moja.

Wapo wanaojificha nyuma ya umri. Wanatoa ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, halafu wanajikunja kwenye kochi. Binadamu si samaki. Kimani Maruge tunamhusisha na Eldoret, kwa kuwa ndiko alikoingia darasa la kwanza mwaka wa 2004, katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, akiwa na miaka 84. Tunasahau kwamba baada ya ghasia za uchaguzi kumng'oa huko, mwaka wa 2008 alivaa tena sare na kuingia Shule ya Msingi ya Marura, hapa hapa Kariobangi. Alitaka kujua hesabu za pesa zake na kusoma Biblia mwenyewe, bila kutegemea macho ya mhubiri. Alifariki Agosti 2009. Hakuna aliyekuwa akimngoja na barua ya ajira. Basi wewe wa Buruburu mwenye miaka arobaini na mitano, unayesema vidole vimekauka, vimekaushwa na nini?

Najua jibu mnalolitayarisha, na lina uzito. Mama anayeamka saa tisa usiku kuwahi sukuma wiki sokoni Marikiti, akarudi kuuza mpaka saa tatu usiku, kisha akafua sare za watoto, sitamwambia akajifunze kupiga brashi. Akinitupia nyanya nitakuwa nimeitafuta. Lakini sijawahi kumsikia yeye akitoa hoja hii. Wanaoitoa kwa sauti kubwa ni wanaume wenzangu wenye Jumamosi nzima ya kutazama mpira wa Uingereza na kubashiri nani atafunga, pesa ambazo zingenunua brashi, kopo la rangi na chai ya fundi kwa miezi. Na kama yule mama angepunguziwa kufua na hao hao wanaume, pengine tungejua yeye angependa kujifunza nini. Tumezoea kumwuliza anauza nini.

Walimu hawako mbali. Kila mtaa wa Eastlands una mzee anayefungua saa za kukaza kwa mkono, anayefufua cherehani za chuma zilizokufa, anayejalidi vitabu, anayeandika herufi. Wengi wao hawana mwanagenzi hata mmoja, kwa sababu vijana wameambiwa hakuna soko na watu wazima wameambiwa wamechelewa. Akifa mmoja wao, kazi inazikwa naye Lang'ata.

Kwa hiyo ombi langu linaenda kwa Kaunti ya Nairobi. Maktaba za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa kwa ushirikiano na shirika la Book Bunk, na watu wanaingia. Kumbi za kijamii za Kaloleni, Bahati na Kariobangi ni mali ya umma. Zisibaki za kukodiwa kwa harusi na ibada tu. Wekeni meza na taa, mwiteni fundi mmoja wa mtaa kwa kila ukumbi, mlipeni kwa jioni mbili kwa wiki, na mlango ufunguliwe saa kumi na mbili unusu, watu wakiwa wameshashuka matatu kutoka kazini.