Santuri: maji ya kuoshea yasimeze faida

Mfanyabiashara anayekusanya santuri kuukuu vijijini, tuseme Zombo wilayani Kilosa, ili azioshe kwa mashine na kuziuza, asikimbilie dawa ya bei mbaya. Kwanza ajue mali yake imetengenezwa kwa nini.

Santuri za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz ni za vinili. Hizo hustahimili maji yenye spiriti kidogo. Lakini zile za mizunguko 78 kwa dakika, kama za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, ni za shelaki, na spiriti huyeyusha shelaki. Osha moja kwa pupa, mtaji umekwenda.

Mashine hufyonza maji, haifyonzi chumvi iliyokauka katika mifereji ya santuri. Kwa hiyo maji ya kisima hayafai, wala spiriti ya rangi ya dukani. Kwa maoni yetu, maji safi ya betri (siyo asidi!) na tone la sabuni ya maji isiyo na manukato yanatosha, kisha suuza kwa maji hayo hayo.

Anayetaka dawa ya kigeni agawe bei ya chupa kwa idadi ya santuri zitakazooshwa, ndipo apange bei ya kuuzia. Mikwaruzo haioshwi, hiyo ikatwe kwenye bei ya kununulia.