HATARI HAINGOJI MWISHO WA MWEZI

Ndugu Wafanyakazi,

Liko jambo moja ambalo wengi wetu huliahirisha mpaka mshahara utoke, nalo ni kujitayarisha kwa hatari nyumbani. Lakini hatari haingoji mwisho wa mwezi.

Sote twakumbuka Aprili, 2024. Mto Mathare ulifurika ukaingia majumbani hapa Nairobi, na alfajiri ya tarehe 29 maji yalishuka kwa ghafula huko Mai Mahiu yakaua watu wengi waliokuwa wamelala. Saa kama ile wengi wetu huwa zamu ya usiku, na watoto wameachwa na dada yao mkubwa. Je, msichana huyo ajua la kufanya?

Wako wasemao kwamba kujitayarisha ni mambo ya matajiri. Hatukubali. Tajiri ana gari la kukimbilia. Mwenye chumba kimoja ndiye hasa apaswaye kupanga mapema, na mwanzo wake hauna gharama.

Kwanza ni mazungumzo. Leo jioni kaeni pamoja mkaamue: maji au moto ukija, mtatokea wapi na mtakutana wapi, mahali palipoinuka. Pataneni na jirani mmoja awatoe watoto ikiwa wazazi wako kazini, nanyi mwafanyie wake vivyo hivyo. Andikeni mlangoni nambari 999, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, pamoja na ya jirani huyo. Kwani simu ikizama, nambari zilizomo huzama nayo.

Pili ni karatasi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua ya kazi na kadi ya Chama vitiwe katika mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, kifuniko kikazwe, uwekwe karibu na mlango. Mfanyakazi aliyepoteza karatasi zake hudai haki yake kwa taabu kubwa.

Tatu ni maji safi. Kila mtu ahitaji kama lita 4 kwa siku. Basi mtungi wa lita 20 watosha watu watano siku moja. Anzeni na mmoja, kisha ongezeni mpaka mtimize siku tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini mtu asitufahamu vibaya. Hatusemi kwamba mkebe na mtungi vyawaondolea Serikali na waajiri wajibu wao. Mitaro ni lazima izibuliwe, na milango ya kiwanda isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Muulizeni mjumbe wenu wa Chama: kwetu ipo? Mara ya mwisho ilikutana lini?

Tutaendelea kudai hayo mchana. Usiku, msaada wa kwanza ni jirani. Kapatane naye leo.

UMOJA NI NGUVU.