Kidhibiti Kinapokataa: Makosa ya Misimbo ya Magari katika Gereji za Msimbazi

Miongoni mwa wenye magari wa Dar es Salaam imeenea imani kwamba kompyuta ya gari ikishatoa msimbo wa kosa, basi ugonjwa umekwisha kujulikana, na kilichobaki ni kununua kipuri. Imani ya pili, iliyo ndugu wa tumbo moja na hiyo ya kwanza, ni kwamba kompyuta hiyo ikikataa kuandikwa upya imekwisha kufa. Zote mbili si sahihi. Hata hivyo, kwa sababu yazo fedha nyingi hupotea katika gereji za Gerezani na kando ya Barabara ya Msimbazi, na siku hizi hata nyumbani, ambako kijana mwenye simu na kifaa cha bei nafuu hujifungia ndani ya gari la baba yake akijaribu kuligeuza tabia.

Gari la leo lina vidhibiti vya elektroniki, yaani kompyuta ndogondogo ambazo mafundi wa Kariakoo huziita kontroli boksi. Kimoja husimamia injini, kingine gia, kingine breki, kingine mifuko ya hewa, kingine taa na milango. Vidhibiti hivi huzungumza kwa njia ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa utaratibu uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Soketi ya kupimia yenye matundu 16, ile iliyo chini ya usukani, ililazimishwa nchini Marekani kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Kuweka misimbo ni kukieleza kidhibiti kimo ndani ya gari gani: usukani uko upande upi, gia ni za namna gani, taa ziwake vipi. Nozeli ya injini ya dizeli ya Toyota Hilux, kwa mfano, ina namba ndefu iliyoandikwa kichwani mwake, nayo hueleza nozeli hiyo inavyohitilafiana kidogo na nozeli ya kiwango. Fundi akifunga nozeli mpya bila kuiingiza namba hiyo, injini yaweza kutetemeka ingawa kila kilichofungwa ni kipya. Mwenye gari atasema ameuziwa nozeli bandia, na muuza spea atasema fundi hajui kazi. Ugomvi wote huo umezaliwa na namba ambayo haikuandikwa.

Yafaa kwanza kuelewa msimbo wa kosa ni nini. Msimbo P0171 husema kwamba mchanganyiko unaoingia katika injini una hewa nyingi kuliko petroli inavyostahili. Hausemi sensa ya hewa imeharibika. Yamkini ni mpira wa hewa uliopasuka. Msimbo U0100 husema mawasiliano na kidhibiti cha injini yamepotea. Hausemi kidhibiti kimekufa. Yamkini ni fyuzi. Msimbo ni ushahidi wa shahidi mmoja aliyesimama mahali pamoja, na hakimu mwenye busara hahukumu kwa shahidi mmoja.

Mambo huwa ya kuvutia zaidi pale kidhibiti kinapoombwa kubadilishwa misimbo yake nacho kikakataa. Kidhibiti kinachofuata utaratibu wa kimataifa wa ISO 14229 hakikatai kimyakimya. Hujibu kwa baiti tatu. Ya kwanza ni 7F, ambayo maana yake ni "sikubali". Ya pili hurudia amri iliyotolewa. Ya tatu hutaja sababu. Namba hizi ni za msingi wa kumi na sita, zile ambazo wanafunzi wa masomo ya kompyuta huzilalamikia kwamba hazina kazi maishani.

Sababu 78 ingestahili kuandikwa kwa rangi nyekundu katika ukuta wa kila gereji. Kwa hakika si kukataa hata kidogo. Maana yake ni kwamba ujumbe umefika, kazi inaendelea, na mwombaji asubiri. Lakini baadhi ya programu za simu hufasiri kila jibu lenye 7F kwa neno moja tu, kwamba imeshindikana. Naye mwenye haraka huzima swichi au huchomoa kifaa. Ikiwa kidhibiti kilikuwa kikiandikiwa programu nzima upya, na wakati ule kinafuta kumbukumbu ya zamani ili kupokea mpya, basi ya zamani imekwisha kwenda na mpya haijafika. Hapo ndipo kifo cha kweli hutokea. Kidhibiti kiliomba subira kikanyimwa.

Sababu 22 husema masharti hayajatimia: pengine injini inanguruma ilhali ilipaswa kuzimwa, au gia haimo katika P. Sababu 33 husema mlango umefungwa kwa ulinzi. Kidhibiti hutoa namba ya kubahatisha, na kifaa hutakiwa kuijibu kwa namba nyingine iliyokokotolewa kwa kanuni ya siri. Jibu likiwa si sahihi, hurudi 35. Ukirudia mara kadhaa hupata 36, kwamba umejaribu kupita kiasi, na baadaye 37, kwamba muda wa kusubiri haujaisha. Anayeendelea kubonyeza katika hali hiyo hajasaidiwa na ukakamavu wake. Dawa ni kuacha, kusubiri, na kujiuliza kama kifaa alichonacho kinaijua kanuni ya kidhibiti kile.

Halafu iko sababu 93: volti ni ndogo mno. Hapa ndipo sayansi ya sekondari inapoingia gereji bila kubisha hodi. Betri iliyojaa na iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Tuseme swichi imewashwa bila injini kunguruma, vidhibiti vyote vimeamka, feni na taa zinafanya kazi, na mkondo unaotoka ni ampea 15. Kwa saa mbili za kuhangaika na misimbo, betri ya ampea-saa 45 itakuwa imetoa 30, yaani theluthi mbili ya uwezo wake. Jambo lililoanza vizuri huharibikia katikati, na lawama huangukia programu.

Pengine betri ni nzima lakini waya wa ethi umeoza. Ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu ni mdogo kiasi kwamba maltimita ya kawaida huudharau. Lakini ukipitiwa na mkondo wa ampea 10, kanuni ya Ohm yasema volti moja nzima itapotelea hapo. Betri inaonyesha 12.2, kidhibiti kinapata 11.2. Fundi anayepima betri peke yake ataapa kwamba umeme upo. Hana budi kuweka ncha moja ya mita katika kichwa hasi cha betri na nyingine katika ethi ya kidhibiti, wakati mizigo imewashwa, aone kilichopotea njiani. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na ni jambo la kusikitisha kwamba hupuuzwa na watu walio tayari kulipia kidhibiti kingine.

Katika eneo la Msimbazi ethi mbovu si jambo la ajabu. Mvua za Desemba 2011 na za Aprili 2018 zililijaza maji Bonde la Msimbazi, na Jangwani pakawa ziwa. Gari lililoingiwa na maji hukauka viti kwa siku chache, lakini unyevu hubaki chini ya zulia na ndani ya plagi za nyaya, ambako shaba hugeuka kijani taratibu. Mwaka mmoja au miwili baadaye gari huanza kuzungumza upuuzi. Hapo brashi ndogo na dawa ya kusafishia viungo vya umeme huweza kufanya ambalo kontroli boksi tatu za mtumba zilishindwa.

Zile nyaya mbili za CAN nazo zina kipimo chake. Kila mwisho wa njia hufungwa kikinza cha omu 120, na kwa kuwa viwili hivyo viko sambamba, jumla yake ni omu 60. Betri ikiwa imefunguliwa, maltimita ikiwekwa katika tundu la 6 na la 14 la soketi inapaswa kusoma karibu na 60. Ikisoma 120, mwisho mmoja umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Hapana programu duniani itakayorekebisha hayo. Ni lazima kuongeza tahadhari moja: magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 na ya mwanzo wa miaka ya 2000 hayana CAN katika soketi hiyo, hutumia waya mmoja katika tundu la 7, na anayetafuta 60 humo anatafuta kisichokuwapo.

Magari hayo ya Kijapani yana ugumu mwingine usioelezwa katika vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani. Huko gari hutambulishwa kwa namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lina namba fupi ya fremu: modeli, kistari, na namba ya mfululizo. Muuza spea wa Kariakoo anaijua vyema. Mteja akimtajia ZZT240 au NCP60 haulizi zaidi. Lakini programu ya kigeni hudai tarakimu 17, na mtumiaji aliyechoka huazima namba ya gari la Ulaya linalofanana na lake ili mradi mlango ufunguke. Hufunguka kweli. Kisha kidhibiti hupewa misimbo ya gari jingine, au hurudisha sababu 31, kwamba kilichoombwa kiko nje ya mipaka yake. Programu ikiuliza gari ni la eneo gani, jibu la kweli ni Japani, ingawa gari limeegeshwa Mtaa wa Swahili.

Juu ya kifaa chenyewe maneno yawe machache. Vifaa vingi vya bei nafuu vya Bluetooth ni nakala za ELM327, kisilikoni kilichobuniwa na kampuni ya Kanada ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Nakala nyingi zinazojitambulisha kuwa toleo la 2.1 hukosa baadhi ya amri na hupoteza ujumbe mrefu. Kwa kusoma misimbo zinafaa. Kwa kuandika ni sawa na kutuma waraka muhimu kwa mjumbe msahaulifu.

Wako wanaosema kwamba njia ya kuepuka balaa hizi ni kuwaachia mawakala wa makampuni kazi yote. Rai hii ina heshima yake, lakini haitazami hali ilivyo. Gari lililotumika miaka kumi Yokohama kisha likanunuliwa kwa mnada halina wakala anayelingoja Dar es Salaam. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 715 ya mwaka 2007, uliwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi huru habari za matengenezo; wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliidhinisha sheria ya namna hiyo mwaka 2012. Sheria hizo zinahusu magari ya masoko yale. Fundi wa Gerezani amejifunza kwa kujaribu na kukosea, na wasomi wanaomcheka kwa hilo wangefaa kukumbuka kwamba maabara nazo hufanya hivyohivyo, isipokuwa maabara huandika matokeo.

Na hilo la kuandika ndilo pengo kubwa zaidi. Misimbo ya awali inapaswa kunakiliwa daftarini kabla ya kuguswa, na kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja, gari likaharibika, hawezi kujua kipi kilichoharibu. Gari likipona, hawezi kujua kipi kilichoponya. Hali ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa humpa mtu ujuzi wa uongo, naye huuhamishia kwa wanagenzi wake.

Kuna vidhibiti ambavyo mwanafunzi wa nyumbani asiviguse hata akiwa na daftari: cha mifuko ya hewa, ambamo kosa dogo laweza kulipua mfuko usoni mwa mtu au kuuzuia usifunguke siku ya ajali, na cha breki. Misimbo ya taa na ya milango humtosha anayejifunza.

Mwalimu wa fizikia asiye na gari hana udhuru. Vikinza viwili vya omu 120 na nyaya mbili zilizosokotwa, vikifungwa juu ya ubao, ni njia kamili ya CAN kwa mahitaji ya darasa. Wanafunzi wapime, wapate 60. Kisha mwalimu afunike ubao kwa kitambaa, aondoe kikinza kimoja au agusanishe nyaya, na kila kundi litakiwe kueleza kwa maltimita peke yake kasoro ni ipi na iko wapi, likiandika kipimo kabla ya kutoa jibu. Makundi mengi yatajibu swali la kwanza upesi. La pili, la mahali ilipo kasoro, litawashinda mpaka wafikirie kuikata njia vipande viwili na kupima kila upande.