Hati ya Kondoo wa Maonyesho

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nitoe rai yangu juu ya kondoo wapelekwao kwenye maonyesho ya kilimo ya Jinja. Wako wafugaji wenzangu waionao hati ya kusafirisha mifugo, itolewayo na daktari wa mifugo wa wilaya, kuwa ni taklifu isiyo na faida. Lakini mimi naiona kuwa ni amana baina ya majirani, kwa kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Karamoja mwaka 2007, huambukiza kwa pumzi na makamasi, na mnyama aweza kuieneza kabla dalili hazijadhihiri.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa maonyesho waamuru kila kondoo akaguliwe langoni kabla ya kushushwa garini, wala vyombo vya maji visishirikiwe. Nasi wafugaji, turejeapo, tuwatenge kondoo wetu majuma matatu. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011 kwa chanjo na nidhamu. Sotoka ya mbuzi na kondoo nayo, ambayo mataifa yameazimia kuikomesha ifikapo 2030, yahitaji bidii hiyo hiyo kwetu.

Wako mtiifu,
Mfugaji, Nateete, Kampala