Kikapu kinauzika Marekani, ila pesa inapita kwa nani?

Kufungua duka mtandaoni siku hizi hakuchukui hata saa moja. Simu, picha tano, jina la duka, bei, basi. Na mitandaoni hawakosekani wa kuwaambia kina mama wa vikapu, shanga na vinyago kwamba Mzungu yuko tayari kulipa mara nne ya bei ya sokoni, kazi yao ni kuposti tu.

Hilo la bei lina ukweli. Kikapu cha milulu kutoka Iringa au kiondo cha katani kutoka Ukambani huuzwa Ulaya na Marekani kwa pesa ambayo aliyekisuka akitajiwa anaweza kudhani anataniwa. Lakini kati ya msukaji na mnunuzi kuna milango miwili, wa mzigo na wa pesa. Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeanza peke yake, yote miwili ni myembamba, na wa mzigo ulibanwa zaidi mwaka 2025.

Kilichotokea Agosti 29

Tangu 2016, kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kilikuwa kinaingia Marekani bila ushuru. Msamaha huo ndio uliowabeba wauzaji wadogo wa dunia nzima: unasuka, unapeleka posta, mteja anapokea mlangoni kwake, hakuna wa kuuliza.

China na Hong Kong ziliondolewa kwanza, Mei 2, 2025. Nchi nyingine zote zikafuata Agosti 29 mwaka huohuo. Umoja wa Posta Duniani (UPU) ulisema mizigo ya posta kwenda Marekani ilishuka kwa zaidi ya 80% siku msamaha ulipoisha, na mashirika 88 ya posta yaliuarifu kuwa yamesitisha huduma hiyo, yote au sehemu, kwa sababu hayakujua nani atakusanya ushuru na kwa utaratibu gani.

Kenya na Tanzania zilipangiwa ushuru wa 10% mwaka huo, Uganda 15%. Viwango hivyo vimekuwa vikivutwa huku na kule kisiasa na kimahakama, kwa hiyo anayetuma mzigo leo aulize kiwango cha leo.

Ukipiga hesabu ya haraka, 10% ya kikapu cha dola 40 ni dola nne. Mteja aliyekipenda kikapu hawezi kukimbia kwa dola nne. Kinachoua ni gharama ya kuzikusanya hizo dola nne: fomu, maelezo ya nchi bidhaa ilikotengenezwa, na ada ambayo kampuni ya usafirishaji inatoza kwa kukushughulikia forodha. Mwenye kontena la vikapu elfu moja anaigawa ada hiyo kwa elfu. Mwenye kikapu kimoja anaibeba yote.

Ulaya nako hakujapoa. Mwishoni mwa 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kutoza ushuru wa euro 3 kwa kila aina ya bidhaa iliyomo kwenye vifurushi vya chini ya euro 150, kuanzia Julai 1, 2026. Lengo lilikuwa mafuriko ya bidhaa za bei chee kutoka China. Lakini sheria haichagui. Mama wa Mafinga yumo kwenye foleni hiyohiyo.

Kikapu chepesi, nauli nzito

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulijua wakiwa tayari kaunta, boksi mkononi. Kampuni za kusafirisha haraka kama DHL haziangalii mizani peke yake. Zinapima pia nafasi ambayo mzigo unachukua kwenye ndege: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha zinagawanya kwa 5,000. Jibu likizidi kilo za mizani, unalipia jibu.

Boksi la sentimita 40 kila upande linatoa kilo 12.8. Ndani kuna kikapu kimoja ambacho kwenye mizani hakifiki hata kilo mbili. Kilichobaki ni hewa, na hewa hiyo inalipiwa nauli hadi Chicago.

Hapa kiondo kina bahati, ni laini na kinakunjika. Kikapu kigumu cha milulu hakikunjiki, kwa hiyo dawa yake ni kusuka seti ya vitatu vinavyoingiana: boksi moja, nauli moja, bidhaa tatu. Anayeanza afikirie boksi kabla hajafikiria ua la kuweka kwenye ukingo. Hereni za shanga, pochi ndogo na vitandiko vya mezani husafiri kwa raha kuliko kapu la nguo chafu, hata kama kapu ndilo linalopata like nyingi.

Wachonga vinyago wana la kwao. Mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo zilipunguziwa masharti mwaka 2019, lakini kinyago kikubwa cha Kimakonde bado kinaweza kukwama mpakani kwa kukosa karatasi.

Mlango wa pesa

Soko la mtandaoni linalotajwa sana kwa kazi za mikono ni Etsy, lililoanzishwa Brooklyn, New York, mwaka 2005. Na hapa ndipo ndoto nyingi za huku huishia kwenye ukurasa wa kujisajili. Etsy inapokea maduka mapya kutoka nchi ambako mfumo wake wenyewe wa malipo unafanya kazi, na kwa miaka mingi Kenya na Tanzania hazikuwemo kwenye orodha hiyo. Orodha hubadilika, kwa hiyo kuikagua ndiyo hatua ya kwanza, kabla ya kununua hata kilo moja ya katani.

PayPal nayo ina historia yake. Mkenya ameweza kupokea pesa na, tangu 2018, kuzihamishia M-PESA. Mtanzania kwa muda mrefu ameruhusiwa kulipa tu, kupokea hapana. Watu wawili wanasuka bidhaa ileile pande mbili za mpaka wa Namanga; mmoja mlango uko wazi nusu, mwingine umefungwa.

Ndiyo maana vikapu vingi vinavyoonekana Etsy kama vya Afrika Mashariki vina mtu katikati. Mara nyingi ni ndugu: mpwa aliyeko Texas, dada aliyeolewa Uingereza. Yeye anafungua duka kwa jina lake na akaunti yake ya benki, mzigo unamfikia kwa mkupuo, anauza kimoja kimoja. Kibiashara mpango huu una akili, hasa baada ya Agosti 29, kwa sababu ushuru na karatasi zinalipiwa mara moja kwa mzigo mzima. Lakini mwenye duka ni yeye. Pesa zikizuiwa, zimezuiwa kwake. Mwaka 2023 baadhi ya wauzaji wa Uingereza walilalamika hadharani kwamba Etsy imeshikilia 75% ya mapato yao kwa wiki kadhaa. Kampuni ilijitetea kuwa inawalinda wanunuzi. Msukaji aliyeko Kitui hana hata namba ya kupiga kuuliza.

Makato kwa hesabu

Chukua mfano. Kikapu cha dola 40, nauli ya dola 30 iliyolipwa na mteja, jumla dola 70.

Kukiweka tu dukani ni senti 20 za dola kwa miezi minne. Kikiuzwa, Etsy inachukua 6.5%, na inahesabu nauli ndani yake, yaani dola 4.55. Makato hayo yalikuwa 5% hadi Aprili 2022; yalipopandishwa maelfu ya wauzaji walifunga maduka kwa wiki nzima kugoma. Yakabaki palepale.

Kisha kuna tangazo. Etsy hutangaza bidhaa zako Google na kwingineko, na mteja akibofya tangazo hilo na kununua ndani ya siku 30, unakatwa 15% nyingine ya jumla. Hapo ni dola 10.50. Duka ambalo halijafikisha mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka linaweza kujitoa kwenye mpango huo. Likishafika linabanwa humo, kwa 12%. Anayeanza na mtaji mdogo ana sababu nzuri ya kujitoa siku ya kwanza.

Toa nauli ya dola 30, toa makato hayo, zinabaki dola 24.75, na bado ada ya kuchakata malipo haijakatwa. Humo ndimo watoke mpwa wa Texas, mkusanyaji wa kijijini, na mama aliyesuka.

Anayelipa leo yuko karibu

Kwa hesabu hizo, mteja wa kwanza wa maana kwa anayeanza hayuko Marekani. Yuko Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mombasa, na analipa kwa simu.

Soko lenyewe halina hata jina. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, lakini biashara haikusubiri: ilihamia Instagram na status za WhatsApp. Mteja anaona picha, anauliza bei DM (muuzaji anayeficha bei anapoteza wateja, huo ndio ukweli), analipa kwa lipa namba au till, kapu linapanda basi kutoka Iringa, linashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, bodaboda anamalizia. Hakuna 6.5%, hakuna dola, hakuna wiki tatu za kusubiri.

Kinachokosekana hapo ni imani. Mteja aliyewahi kutapeliwa hataki kutuma pesa kabla ya mzigo, na muuzaji aliyewahi kukimbiwa hataki kutuma mzigo kabla ya pesa. Wengi wamekutana katikati: nusu kwanza, nusu mzigo ukifika. Inasaidia pia kuonyesha mikono ikisuka, kwa video fupi isiyo na mapambo, kwa sababu picha nzuri ya kikapu yeyote anaweza kuiiba. Hata Etsy, Julai 2024, ililazimika kuanza kuwataka wauzaji waseme kama bidhaa wameitengeneza wenyewe, wameibuni tu, au wameichagua kwingine, baada ya malalamiko kuwa soko la kazi za mikono limejaa vitu vya kiwandani.

Kuvuka mpaka nako si kugumu kama zamani. M-PESA ya Vodacom Tanzania na ya Safaricom zimeunganishwa tangu 2015. Na kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000, mfanyabiashara mdogo anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, mradi zimo kwenye orodha. Wanaovusha vikapu usiku kwa njia za panya mara nyingi wanakwepa ushuru ambao pengine hawadaiwi.

Bei ya jirani

Wengi hupanga bei kwa kuangalia jirani anauzaje. Jirani naye kamwangalia nani?

Njia salama ni kuhesabu siku. Kama kibarua cha shamba kijijini kinalipa shilingi 7,000 kwa siku na kikapu kinachukua siku nne, hizo ni 28,000. Weka milulu, rangi na vishikio vya ngozi, tuseme 6,000. Ni 34,000 kabla ya nauli, bando na kikapu kimoja kilichoharibika njiani. Anayekiuza 25,000 anamlipa mteja ili amsaidie kukibeba.

Bei hiyo ikionekana kubwa kwa mteja wa Kariakoo, tafuta mteja mwingine au suka kitu kidogo zaidi. Kushusha bei ili upate "reviews" kuna mwisho wake: wanaokuja kwa bei ya kutupwa hawarudi ikipanda.

Jina la nani?

Rwanda ilipita njia nyingine. Mwaka 2005 vikapu vya agaseke vilianza kuuzwa kwenye maduka ya Macy's ya Marekani, kupitia kampuni ya Gahaya Links iliyokusanya kazi za wanawake wengi kwa pamoja. Oda moja kubwa, ubora mmoja, mzigo mmoja. Kwa sheria za sasa za forodha, mtindo huo una nguvu kuliko duka la mtu mmoja, na vikundi vingi vya huku tayari vina katiba, daftari na siku ya kukutana.

Tatizo la vikundi huanza duka likishachanganya. Ukurasa ulifunguliwa kwa namba ya simu ya katibu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na smartphone. Till iko kwa jina lake. Maoni mazuri ya wateja yote yako kwenye akaunti yake, na akaunti ya Etsy haihamishwi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Katibu akihamia mjini, akiolewa, au akigombana na mwenyekiti, duka linaondoka kwenye pochi yake, na wanawake ishirini wanabaki na milulu mikononi.

Kuzuia hilo hakuhitaji mtaji. Laini ya simu isajiliwe kwa kikundi, nywila ijulikane na watu wawili, na kila malipo yanayoingia yasomwe kwa sauti kwenye kikao cha wiki, kabla ya mtu yeyote kugawiwa oda mpya.